Mashine ya kamera ifunguliwe kwanza ndipo isemwe imekufa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kila msimu wa korosho unapomalizika, wenye maduka, nyumba za wageni na maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hapa Mtwara na Lindi huanza kushughulikia vitu vilivyoharibika. Kimojawapo ni mashine ya kurekodi picha za kamera, ile inayoitwa DVR. Mteja anaipeleka kwa fundi, fundi anaichomeka, haiwaki au inawaka na kuzima, na jibu linatoka hapo hapo: "Bodi imekufa, nunua nyingine." Hakuna skrubu hata moja iliyofunguliwa. Sisi tunaofanya kazi hii tunaipinga hukumu hiyo. Bodi, yaani sahani kuu ya saketi, hufa, lakini kabla yake kuna vitu vitatu au vinne vya bei ndogo vinavyokufa mara nyingi zaidi, na mwenye mashine ana haki ya kuonyeshwa ndani kabla hajatoa pesa.

Tuanze na kilichomo. Mashine ya kamera nne au nane ni sanduku la bati lenye skrubu nne hadi sita, nyuma na ubavuni. Chomoa umeme, toa skrubu, sukuma kifuniko kuelekea nyuma kisha kiinue. Wengi hushangaa kukuta sanduku nusu tupu. Upande mmoja kuna diski ya inchi 3.5, imefungwa kwa skrubu nne kutoka chini ya sanduku. Kutoka kwenye diski zinatoka kebo mbili: bapa ya SATA inayopitisha data, na ya umeme yenye waya wa njano wa volti 12, mwekundu wa volti 5 na mweusi wa hasi. Bodi yenyewe imekaa nyuma, ikibeba soketi za BNC za kamera, HDMI, VGA na ya mtandao. Juu ya chipu kuu kuna kipande cha aluminiamu cha kupoza joto. Katika mashine nyingi za bei nafuu zilizoingia miaka iliyopita, chipu hiyo ni ya HiSilicon, mfano Hi3520D. Pembeni yake kuna kumbukumbu ya DDR3, chipu zinazopokea picha za kamera, chipu ya miguu minane inayotunza programu nzima kwa megabaiti 8 au 16 tu, na betri ya saa. Kwa kifupi ni kompyuta ndogo inayoendeshwa na programu endeshi ya Linux. Mpango huu si mgeni: TiVo, mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1999, nayo ilikuwa na prosesa ya PowerPC, Linux, chipu ya kubana picha na diski ya kawaida ya kompyuta. King'amuzi kinachorekodi kina familia hiyo hiyo ya vifaa, na mengi tunayoyasema hapa yanakihusu pia.

Onyo moja kabla hujashika bisibisi. Mashine ndogo hutumia adapta ya nje, kwa hiyo ndani hakuna zaidi ya volti 12. Zile za kamera 16 na kuendelea mara nyingi zina pawa saplai ndani, na kapasita yake kubwa, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo iachwe ikae, ipimwe kwa mita, na asiyejua kupima asiiguse.

Mtuhumiwa wa kwanza ni adapta. Kwa kamera nne huandikwa volti 12, ampea 2. Sasa, diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta yenyewe ampea 1.5 hadi 2 kwa sekunde chache, kisha hushuka chini ya nusu ampea. Maana yake adapta mpya kabisa iko ukingoni tangu siku ya kwanza. Kapasita zake zikichoka kwa joto, inashindwa pale pale diski inapojikokota kuanza: taa inawaka, diski inavuma kidogo, kila kitu kinazima, taa inawaka tena, mchezo unaendelea hivyo mpaka asubuhi. Mteja huiita hali hiyo "inajiriseti", na fundi mvivu huiita bodi.

Kuipima adapta kwa mita ikiwa haina mzigo hakuna faida, kwani hata iliyokufa nusu itasoma volti 12.2. Iwekee mzigo. Balbu ya taa ya breki ya gari, wati 21 kwa volti 12, huvuta ampea 1.75, na inapatikana kwa kila muuza spea. Iunganishe, subiri dakika tano, kisha pima. Adapta nzima itakaa karibu na volti 12, iliyochoka itateremka hadi 10 au chini, au balbu itaanza kupepesa. Balbu ikiwa baridi huvuta umeme mwingi kwa mpigo wa kwanza, hivyo adapta nzima yenye ulinzi mkali inaweza kugoma kuiwasha. Hapo tumia balbu mbili za indiketa za pikipiki, wati 10 kila moja, ukiunganisha moja kisha nyingine.

Ukibadilisha, chukua ya ampea 3 au 4. Ampea zikizidi hazidhuru, mashine huchukua inachohitaji. Volti zikizidi ndizo zinazoua. Chaja ya laptopu ina volti 19 na plagi yake mara nyingi inaingia vizuri tu kwenye tundu la DVR, na huko ndiko bodi na diski nyingi zilikozikwa. Plagi ya DVR ni ya milimita 5.5 kwa 2.1, chanya iko ndani na hasi nje.

Kipimo cha pili hakihitaji hata mita. Chomoa kebo zote mbili za diski, acha bodi peke yake, washa. Ikiwaka, ikaonyesha kamera kwenye skrini na kulia pii pii kulalamika kwamba haioni diski, basi bodi ni nzima. Shida iko kwenye diski au kwenye adapta isiyoweza kuisukuma. Kazi hiyo haizidi dakika kumi, na ingefanywa kaunta mbele ya mteja, mashine nyingi zingerudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuna mashine zinazofanya kazi mchana kutwa na kuanza kuzimika jioni. Hapo angalia kama mfungaji alitumia adapta moja kwa DVR na kamera zote. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake za infraredi na umeme unaovutwa na kila moja hupanda mara mbili au zaidi. Volti zinashuka, DVR inaanguka, kamera zinaanguka nayo, kisha zote zinaamka na kuanguka tena. Dawa ni kuipa DVR adapta yake, kamera zipewe yake, tena yenye ampea za kutosha usiku.

Diski ndiyo yenye maneno mengi. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia GB 21.6 kwa siku. Kamera nne ni GB 86.4. Diski ya TB 1 inajaa kwa siku kumi na moja na ushee, kisha mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Mwenye ghala aliyeambiwa "inatunza mwezi mzima" na akafungiwa TB 1 kwa kamera nne, apige hesabu hii mwenyewe. Ama diski iongezwe, ama picha zibanwe zaidi kwa mfumo wa H.265 kama kamera na mashine zinaikubali, ama kiwango kishushwe hadi megabiti 1, na hapo sura ya mtu akisimama mbali haitambuliki vizuri.

Kazi ya diski hii ni kuandika saa 24, siku zote. Diski zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisini hazikutengenezwa kwa hilo. Zile za kamera, kama WD Purple na Seagate SkyHawk, zimekadiriwa kubeba TB 180 kwa mwaka bila kupumzika. Kamera nne huandika kama TB 31 kwa mwaka, hivyo mtu anaweza kusema hata diski ya kawaida itamudu. Itamudu kwa muda. Kinachoiumiza zaidi ni kuzunguka bila kukoma ndani ya sanduku lenye joto, ikiwa imefungwa kwa skrubu mbili badala ya nne na inatetemeka. Tena diski ya ofisini ikikutana na sehemu mbovu hung'ang'ania kuisoma upya kwa sekunde nyingi, na katika sekunde hizo picha haiandikwi. Ndipo mwenye duka anapokuta mapengo kwenye rekodi, mara nyingi dakika ile ile anayoitafuta.

Diski nyingi zinazouzwa kama mpya zimeshatumika mahali pengine, zimesafishwa na kubandikwa karatasi mpya. Usibishane na muuzaji, soma hesabu zake. Kwenye menyu ya DVR, sehemu ya diski, kuna ukurasa wa S.M.A.R.T., hesabu za afya ya diski; kwenye kompyuta kuna programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazama namba 09, saa ambazo diski imefanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 30,000 imezunguka zaidi ya miaka mitatu. Tazama 05 na C5, hesabu za sehemu mbovu: zote ziwe sifuri. C5 ikipanda wiki hadi wiki, diski inaondoka, nakili unachohitaji sasa. Kuna wajanja wanaofuta hesabu hizi, hivyo diski isomayo saa sifuri lakini matundu yake ya skrubu yana mikwaruzo irudishwe ilikotoka.

Ukiichomoa diski ya DVR na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, kompyuta itakuuliza kama iifomati. Jibu ni hapana. Mashine hizi nyingi huandika kwa mpangilio wao wenyewe ambao Windows haiuelewi. Picha zipo, ila hazionekani kwa njia hiyo. Zinakiliwe kutoka ndani ya DVR kwenda kwenye flashi.

Ile sauti ya pii pii, Mhariri, inatuudhi kwa sababu nyingine. Mashine hulia kueleza kwamba diski imeshindwa. Kelele zikiwasumbua wenye duka, fundi anaitwa, anaingia kwenye menyu, anazima mlio, analipwa na kuondoka. Skrini inaendelea kuonyesha kamera zikiwa hai, kila mtu anaamini anarekodiwa. Mlio usizimwe kabla sababu yake haijajulikana. Na kila mwezi, mwenye mashine arudishe nyuma picha za jana na za wiki iliyopita aone kama zipo. Kuona kamera kwenye skrini hakuthibitishi kwamba kuna kitu kinachorekodiwa.

Sasa mambo ya huku kwetu, ambayo vitabu vya maelekezo vya kiwandani havina. Kwenye nyumba za Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko, hewa ya bahari huleta chumvi ndani ya sanduku kupitia matundu ya kupumulia. Chumvi kavu haina neno. Lakini unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi ya kawaida hufyonza maji na kuyeyuka yenyewe, na maji ya chumvi hupitisha umeme kati ya miguu ya chipu iliyopishana kwa chini ya milimita. Ndiyo maana kuna mashine inayogoma alfajiri na kukubali saa sita mchana. Chukua kioo cha kukuza, tazama mizizi ya soketi za BNC na miguu ya chipu iliyo karibu nazo: utaona unga mweupe, na chini yake kijani cha shaba inayoliwa.

Ukienda Newala, Tandahimba au Masasi, kwenye maghala ya pembejeo, adui ni salfa, ile ile ya kupuliza mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Salfa huishambulia shaba na madini ya fedha na kuacha tabaka jeusi. Resista ndogo za bodi, vipande vinavyozuia kiasi cha umeme, zina fedha kwenye ncha zake. Salfa ikiifikia, resista inakatika bila kuungua wala kubadilika sura, na fundi asiyepima hataigundua. Ushauri wetu kwa viongozi wa AMCOS ni mmoja: DVR isikae chumba kimoja na mifuko ya salfa. Iwekwe ofisini, kebo zivutwe. Na popote itakapowekwa, isikae darini chini ya bati. Diski nyingi zina kikomo cha nyuzijoto 60 hivi, na kapasita za bodi hupoteza takriban nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka.

Kusafisha ni kwa spiriti ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, na mswaki laini. Toa diski na betri ya saa kwanza. Sugua taratibu, elekeza uchafu nje ya bodi, futa, kisha acha mbele ya feni saa mbili au tatu. Spiriti ya hospitali ya asilimia 70 ina maji, ikitumika basi ikaushwe usiku mzima. Thina inayeyusha plastiki ya soketi. Petroli ni hatari na inaacha mafuta. Baada ya hapo chomoa na kuchomeka kebo za SATA mara mbili tatu ili mguso urudi. Ukikuta mayai ya mjusi ndani, na utayakuta, angalia vizuri chini ya bodi: mkojo wake unakula shaba sawa na chumvi.

Betri ya saa ni kidude cha CR1220 au CR2032, soma usoni mwake. Ikishuka chini ya volti 2.6, ibadilishe. Ikifa, kila umeme ukikatika mashine inaweza kurudi mwaka 2000 au 1970, na wizi wa juzi utausaka usiuone. Kosa jingine ni ukanda wa saa: mashine nyingi huja na GMT+8, sisi tuko GMT+3. Ikiunganishwa na intaneti ikajirekebisha yenyewe, itatangulia saa tano. Hili si dogo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime namna rekodi ilivyotengenezwa na kutunzwa, na video inayoonyesha saa nne usiku kwa tukio la saa kumi na moja jioni inampa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi.

Wengine hutoa betri hiyo wakidhani wanafuta neno la siri lililosahaulika. Kwa mashine nyingi haisaidii, kwa sababu neno la siri limetunzwa kwenye chipu ya programu, siyo kwenye saa. Baadhi zina kitufe cha kurudisha mipangilio juu ya bodi, nyingine zinahitaji faili kutoka kwa mtengenezaji. Na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kufunga. Oktoba 2016, kirusi cha Mirai kiliteka DVR na kamera nyingi zilizoachwa na maneno hayo, zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani. Mashine ikimaliza bando bila sababu, anzia hapo.

Bodi inayokufa kweli huwa na sababu zinazoonekana. Radi ikipiga karibu, huingia kwa kebo ndefu za kamera zinazovuka kutoka jengo hadi jengo. Mashine ikiwa imezimwa na kebo zimechomolewa, pima kati ya pini ya katikati ya BNC na ganda lake. Kwa kawaida ni karibu omu 75. Tundu moja likisoma sifuri au lisisome kabisa huku majirani wakisoma 75, tundu hilo ndilo lililopigwa, mengine yanaweza kuendelea kutumika. Nyingine ni volti 19 tulizozitaja. Hapo harufu ya kuungua itakupokea kifuniko kikitoka, na kwenye bodi ya diski kuna dayodi mbili za ulinzi karibu na soketi ya umeme. Volti zikizidi, dayodi hujitoa mhanga na kuwa shoti, hivyo adapta inagoma. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuitoa iliyoungua na diski ikaamka kwa ajili ya kunakili picha. Isirudishwe kazini bila dayodi mpya.

Mwisho ni diski inayobaki kwa fundi baada ya matengenezo. Mteja aidai, kama anavyodai spea ya zamani ya pikipiki. Ndani yake kuna sura za wateja, watoto wakipita, mtu akihesabu pesa, namba zikibonyezwa kwenye simu. Tangu Mei 2023 ipo sheria inayofanya kazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mwenye kamera ndiye anayebeba dhamana ya picha hizo. Kufomati kwa haraka hakufuti, kunaondoa orodha tu. Diski inayozunguka iandikwe juu yake yote mwanzo hadi mwisho, na kwa TB 1 kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Isiyozunguka itobolewe kwa drili hadi sahani za ndani zitoboke, mara tatu mahali tofauti, mbele ya mwenyewe.

Ni sisi,
Mafundi wa kamera na vyombo vya elektroniki,
Mtwara Mjini